Ukungu wa Barcelona Hautoki Baharini

Agosti 1992, kwenye uwanja wa Olimpiki ulio juu ya kilima cha Montjuïc, Wakenya watatu waliwaacha wenzao nyuma katika fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Matthew Birir alichukua dhahabu, Patrick Sang fedha, William Mutwol shaba. Sang ni huyu huyu aliyekuja kumnoa Eliud Kipchoge. Kwa wasikilizaji wengi wa redio katika Afrika Mashariki, Barcelona iliingia masikioni siku zile, kabla ya ushabiki wa mpira kulifanya jina hilo libandikwe kwenye vioo vya daladala na matatu.

Kilima hicho kina mengine ambayo watangazaji wa michezo hawakuwa na haja ya kuyataja. Upande wake unaotazama bahari umejaa makaburi, yamepangwa ngazi kwa ngazi. Kileleni kuna ngome ya zamani ya jeshi iliyowahi kuwa gereza, na ndani yake Lluís Companys, rais wa serikali ya Katalunya, alipigwa risasi tarehe 15 Oktoba 1940, baada ya Wajerumani kumkamata Ufaransa na kumkabidhi kwa utawala wa Jenerali Francisco Franco. Na kwenye makaburi ya Montjuïc ndipo mtoto mmoja wa kubuniwa, Daniel Sempere, alipomzika mama yake aliyekufa kwa kipindupindu, siku yeye anatimiza miaka minne.

Daniel ndiye msimulizi wa La sombra del viento, yaani Kivuli cha Upepo, riwaya ya Carlos Ruiz Zafón iliyotoka mwaka 2001. Ni riwaya kuhusu vitabu: wanaoviandika, wanaoviuza, wanaovificha na mmoja anayevichoma moto. Ilipotoka haikupigiwa debe. Ilipita mkono kwa mkono, msomaji akimwambia jirani yake, hadi ikauza zaidi ya nakala milioni 15. Wengi wetu tusiojua Kihispania tumeisoma katika Kiingereza cha Lucia Graves, binti wa mshairi Robert Graves, aliyeifasiri mwaka 2004. Takriban kila anayeizungumzia husema kitu kile kile: Barcelona yenyewe ni mhusika. Kauli hiyo hutolewa kwa kila riwaya yenye ramani nzuri ya mitaa, na mimi huichoka upesi. Mhusika hutenda. Basi tuulize, Barcelona inatenda nini humu?

Tuanze na hali ya hewa, maana hapo ndipo msomaji anapodanganywa kwa ustadi. Barcelona ni jiji la Mediterania. Jua linawaka, anga ni ya bluu sehemu kubwa ya mwaka, na watalii huenda huko kuota jua ufukweni. Barcelona ya Zafón imefunikwa na ukungu. Alfajiri ni ya rangi ya majivu, mvua inanyesha usiku, taa za gesi zinafifia, na mtu asiye na uso anasimama kwenye kona akivuta sigara. Kwa kipimo cha mtaalamu wa hali ya hewa, huu ni uongo mtupu.

Lakini mtu aliyeishi Barcelona mwaka 1945 asingeuona kuwa uongo. Jiji lilikuwa limeanguka mikononi mwa majeshi ya Franco tarehe 26 Januari 1939, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha miezi michache baadaye. Kilichofuata kilikuwa miaka ya njaa, kadi za mgao wa chakula, magereza yaliyofurika, na majirani waliojifunza kutoulizana maswali. Fulani yuko wapi? Hakuna ajuaye. Mwanawe amekuwaje? Afadhali tuzungumzie mvua. Zafón alichukua ukimya huo akaupa umbo la ukungu, na kila anapotaka kuonyesha kwamba hapa kuna jambo watu wanalijua wala hawalisemi, ukungu unashuka mtaani.

Sasa tuje kwenye vitabu. Hapo ndipo naamini jiji hili lilimwandikia Zafón nusu ya kazi.

Mwaka ule wa 1939, katika mji wa Badalona, jirani kabisa na Barcelona, maktaba ya Pompeu Fabra ilichomwa moto barabarani. Fabra hakuwa mtu wa bunduki. Alikuwa mwanaisimu aliyetunga sarufi na kamusi zilizosanifisha Kikatalani, na wakati huo alikuwa ameshakimbilia Ufaransa. Walioshindwa kumpata walivipata vitabu vyake. Kikatalani kiliondolewa mashuleni, kwenye mabango na maofisini, na uchapishaji wake ukazuiwa katika miaka ya mwanzo ya utawala huo. Maktaba zilichekechwa. Kila mswada, wa lugha yoyote, ulilazimika kupita mezani kwa mdhibiti wa serikali, aliyeukata kwa kalamu, akaukubali au akautupa. Wenye maduka ya vitabu waliendelea kuuza vilivyoruhusiwa mbele ya duka, na vilivyopigwa marufuku nyuma, kwa mteja anayefahamika.

Ukiyajua hayo, hadithi ya Kivuli cha Upepo inabadilika rangi. Daniel anasoma riwaya ya mwandishi asiyejulikana, Julián Carax, anaipenda kupita kiasi, anatafuta nyingine za mwandishi huyo, kisha anagundua kwamba kuna mtu anazunguka nchi nzima akizitafuta nakala zote za Carax ili azichome. Mtu huyo amejiita Laín Coubert, jina la shetani aliyemo ndani ya riwaya hiyo ya Carax mwenyewe. Sitasema ni nani, nisimharibie utamu ambaye hajaisoma. Ila katika jiji lingine, mchoma vitabu angekuwa kituko cha kubuni, cha hadithi za kutisha za usiku. Barcelona ilikuwa na wazee waliokumbuka harufu ya moshi wa karatasi.

Tukio la kufungua riwaya linastahili kutazamwa polepole. Ni mwanzo wa kiangazi, 1945, Daniel ana miaka kumi. Ameamka usiku akilia kwa sababu hawezi tena kuukumbuka uso wa mama yake. Baba yake, muuza vitabu vya zamani katika mtaa wa Santa Ana, hamwambii maneno ya kumtuliza. Anamwambia avae nguo. Wanatoka alfajiri, wanashuka Ramblas, ile barabara pana ya miti inayoteremka hadi bandarini, kisha wanakata kulia na kuingia kwenye uchochoro wa Arco del Teatro. Mbele ya mlango mkubwa wa mbao uliochakaa, baba anamwonya asimwambie mtu yeyote atakayoyaona, hata rafiki yake mkubwa. Mtoto anauliza kama hata mama haruhusiwi kuambiwa. Baba anavuta pumzi, anamjibu kwamba mama ndiyo, kwake hakuna siri.

Mlango unafunguliwa na bawabu aitwaye Isaac, mzee mwenye sura ya ndege wa mawindo. Ndani ni jumba la kifalme lililozeeka, na katikati yake, chini ya kuba la kioo, vimeinuka vichochoro, ngazi na madaraja yaliyojengwa kwa rafu za vitabu. Haya ndiyo Makaburi ya Vitabu Vilivyosahaulika. Maktaba ikifungwa, duka la vitabu likifa, mabaki yake huletwa hapa kisirisiri. Kwa desturi, anayeingia kwa mara ya kwanza huchagua kitabu kimoja na kukichukua awe mlezi wake, ahakikishe hakipotei duniani.

Tazama kilichofanyika. Kwa mtoto aliyeupoteza uso wa mama yake, baba hatafuti picha. Anampa kitabu cha kulea. Na yote yanafanyika gizani, kwa kiapo, mlango ukifungwa kwa makomeo. Mahali ambapo vitabu havikuwahi kuwa hatari, maktaba ya siri ingekuwa mchezo wa watoto. Mwaka 1945 katika jiji lile, kuficha shehena ya vitabu visivyo na muhuri wa serikali kungeweza kumtia mtu ndani. Zafón halisemi hilo mahali popote waziwazi. Ameacha sauti za watu zishuke tu.

Naupenda pia mtaa aliouchagua. Arco del Teatro uko Raval, upande wa Ramblas ambako zamani paliitwa Mtaa wa Wachina, penye bandari, madanguro, vilabu vya pombe na nyumba za kupanga za maskini. Mwandishi mwenye haya angeiweka hazina ya vitabu karibu na chuo kikuu au kanisa kuu. Zafón aliiweka kwa makahaba na mabaharia. Wauza vitabu vya zamani wa Barcelona ndivyo walivyokuwa wakiishi na kufanya kazi: nusu wasomi, nusu wachuuzi, mguu mmoja maktabani na mwingine sokoni.

Anayeujua mji huo wa chini kuliko wote ni Fermín Romero de Torres. Daniel anamkuta akiwa ombaomba chini ya matao ya uwanja wa Plaza Real, na baba yake anamwajiri dukani kwa kazi ya kuwatafutia wateja vitabu adimu. Fermín anasema bila kituo, anatukana kwa ufasaha, anapenda peremende kama mtoto, na anawajua watu ambao polisi wanawatafuta. Mwili wake una makovu aliyoyapata mikononi mwa wapelelezi. Kwangu yeye ndiye moyo wa riwaya. Wengine wanapozungumza kwa minong'ono, yeye anapayuka, na kila akipayuka msomaji anashika roho mkononi.

Sababu ya kushika roho ni Inspekta Fumero. Makao yake ya kazi ni kituo cha polisi cha Vía Layetana, ambacho si cha kubuni. Jengo hilo lipo hadi leo katika barabara hiyo hiyo, na wapinzani wa Franco walihojiwa na kuteswa humo kwa miaka mingi. Kuna mkasa mdogo katikati ya riwaya ambao wahakiki wengi huupita haraka. Don Federico, fundi saa wa mtaani, mtu mpole asiyemkera mtu, anakamatwa usiku akiwa amevaa nguo za kike. Anarudishwa asubuhi akiwa amepigwa na kudhalilishwa. Mtaa mzima unajua. Wanachofanya majirani ni kupeleka saa zao zikatengenezwe, kama kawaida, na kumsalimia. Katika kurasa chache tu za namna hiyo, Zafón anaonyesha watu waliolazimishwa kunyamaza wanavyoweza kuutumia ukimya huo huo kumsitiri mwenzao.

Mahali pengine pa kusimama ni uwanja mdogo wa San Felipe Neri, nyuma ya kanisa kuu. Hapo anakaa Nuria Monfort, binti wa yule bawabu Isaac, mwanamke aliyewahi kufanya kazi kwa mchapishaji wa Carax na anayejua zaidi ya anavyosema. Ni uwanja wenye kisima cha maji katikati, miti miwili mitatu, na kanisa ambalo sehemu ya chini ya ukuta wake imetobolewa matundu. Tarehe 30 Januari 1938 ndege za kivita zilizomuunga mkono Franco ziliangusha mabomu hapo. Watu 42 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wamejificha chini ya kanisa. Wajenzi waliokuja kuukarabati uwanja waliyaacha matundu yale yalivyo. Kwa miaka mingi uvumi wa serikali ulidai kwamba ni alama za risasi za wapinzani wa Franco waliowaua mapadri ukutani. Huu ni ukuta mmoja wenye simulizi mbili, moja ya kweli na moja iliyobandikwa juu yake. Zafón hakuhitaji kubuni nyumba ya shahidi wa siri. Jiji lilikuwa nayo.

Na si hilo tu. Uwanja wa San Felipe Neri tunaouona leo, unaodhaniwa kuwa wa enzi za kati, uliundwa upya baada ya vita. Nyumba za vyama vya kale vya mafundi zilizopo pale zilihamishwa kutoka mitaa mingine, jiwe kwa jiwe. Daraja la kupendeza la mtaa wa Bisbe, linalopigwa picha na kila mgeni kama kumbukumbu ya karne za kale, lilijengwa 1928. Uso wa kanisa kuu ulikamilishwa kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Yaani ule mtaa wa Kigothi, unaoipa riwaya kiza chake chote, kwa sehemu kubwa ni utunzi wa wasanifu waliotaka jiji lao lionekane la kale kuliko lilivyo. Hata mkahawa wa Els Quatre Gats, ambamo wauza vitabu wa riwaya wanakutana kubishana mwaka 1945, kihistoria haukuwepo wakati huo. Ulifunguliwa 1897, Picasso akafanya hapo maonyesho yake ya kwanza ya peke yake mwaka 1900, ukafungwa 1903, na kufufuliwa miongo mingi baadaye. Nimeona wasomaji wakimlaumu Zafón kwa makosa ya kihistoria ya namna hii. Mimi naona kwamba alijifunza kuandika kutoka kwa wasanifu majengo wa jiji lake.

Alizaliwa Barcelona mwaka 1964, akalelewa jijini humo, akasoma kwa Wajesuiti wa Sarrià katika shule ya matofali yenye minara, ambayo mtu akisoma kuhusu shule ya San Gabriel riwayani hawezi kukosa kuitambua. Alifanya kazi ya matangazo ya biashara, akaanza kwa kuandika riwaya za vijana, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 akahamia Los Angeles kuandika miswada ya filamu. Ina maana kwamba jiji lilipokuwa limevaa nguo mpya za Olimpiki, likibomoa maghala ya pwani ili kujifungulia bahari na kupitisha barabara mpya katikati ya vichochoro vya Raval, yeye alikuwa anaondoka. Barcelona ya Kivuli cha Upepo iliandikwa na mtu aliyekuwa California, chini ya jua kali kuliko la kwao, akiukumbuka mji ambao sehemu yake ilikuwa inafutwa na mabuldoza. Umbali huo unasikika. Mitaa yake ina usahihi wa mtu anayetembea kichwani mwake usiku, akihesabu kona.

Ukitaka kuisikia tofauti, soma Nada ya Carmen Laforet. Ilishinda tuzo ya kwanza ya Nadal kwa mwaka 1944 na kutoka 1945, mwaka ule ule ambao Daniel anashika mkono wa baba yake kuingia Arco del Teatro. Laforet alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Aliandika akiwa ndani ya kipindi chenyewe, huku mdhibiti akimsubiri. Msichana wake anafika Barcelona usiku na kuingia nyumba ya jamaa zake katika mtaa wa Aribau, nyumba yenye uchafu, njaa na ugomvi, na vita havitajwi sana. Havikuhitaji kutajwa. Kwake hakuna jumba la siri wala shetani wa kubuni, kuna bafu lenye kutu na shangazi mkali. Nikilazimishwa kuchagua moja ya kuipeleka kisiwani, nadhani ningechukua Nada. Ila Nada haimfanyi mtu akimbilie dukani kutafuta kitabu kingine, na Kivuli cha Upepo inafanya hivyo kwa kila kijana niliyemwazima nakala yangu, ambayo sasa haina jalada.

Linabaki swali la kwa nini Barcelona, wala si Madrid au Sevilla, zilizoteseka vilevile. Jibu lake ni biashara. Barcelona imekula mkate wa vitabu kwa karne nyingi. Miguel de Cervantes alilijua hilo. Katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka 1615, bwana huyo aliyerukwa na akili kwa kusoma sana anafika Barcelona na kuingia kiwanda cha uchapaji. Anawakuta mafundi wakipanga herufi na kusahihisha kurasa, na moja ya kazi zilizo mezani ni sehemu ya pili ya bandia ya habari zake mwenyewe, iliyotungwa na mtu mwingine. Mhusika wa kitabu anakutana na kitabu kinachomsingizia, ndani ya kiwanda, Barcelona. Miaka karibu 400 baadaye Daniel Sempere anakutana na shetani aliyetoka kwenye kurasa za kitabu alichonacho mfukoni. Ukoo unaonekana.

Hata chini ya Franco mitambo haikunyamaza. Wachapishaji wa Barcelona waliendelea kutoa vitabu kwa Kihispania, wakauza Hispania na ng'ambo ya Atlantiki. Planeta, kampuni iliyokuja kuichapisha Kivuli cha Upepo, ilianzishwa hapo mwaka 1949. Katika miaka ya 1960 na 1970 Gabriel García Márquez na Mario Vargas Llosa waliishi Barcelona, wakivutwa na wakala wao, Carmen Balcells. Mji ambao kitabu kilikuwa ajira ya maelfu, kuanzia mpanga herufi mpaka mchuuzi, ulikuwa pia mji ambao kitabu kingeweza kumpeleka mtu Montjuïc. Katika juzuu ya tatu ya mfululizo wa juzuu nne unaoanza na Kivuli cha Upepo, Zafón anaupeleka mgongano huo mwisho wake: mkuu wa gereza la ngome, Mauricio Valls, ana uchu wa kuwa mwandishi mkubwa, naye anamtumia mfungwa mwenye kipaji kuupata utukufu huo. Serikali inayowaogopa waandishi inatamani kuwa mwandishi. Sijui wazo lingine katika juzuu zote nne linalozidi hilo kwa ukali.

Halafu kuna tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Sant Jordi. Siku hiyo mitaa ya Barcelona hufurika meza za vitabu na ndoo za mawaridi, na watu wanapeana vyote viwili. Siku ya vitabu ilianzishwa Hispania katika miaka ya 1920 kwa pendekezo la Vicent Clavel, mchapishaji aliyekuwa akifanya kazi Barcelona, na UNESCO iliifanya ya dunia nzima mwaka 1995. Zafón alikuwa mmoja wa waliokuwa na foleni ndefu kabisa za kusainiwa vitabu siku hiyo. Jambo moja linawaudhi baadhi ya Wakatalani: mwandishi mashuhuri kuliko wote wa kizazi chake jijini aliandika kwa Kihispania, na katika riwaya yake Kikatalani husikika kwa nadra. Lawama hiyo ina uzito wake, ingawa wakati unaosimuliwa ni ule ambao lugha hiyo ilikuwa imefungiwa ndani ya nyumba. Mgeni akienda leo na riwaya mkononi hataona Calle Santa Ana popote. Kibao kinasema Carrer de Santa Anna, na Arco del Teatro ni Arc del Teatre. Majina ya riwaya ni ya vibao vya enzi ya Franco.

Wageni wanaokwenda na riwaya mkononi ni wengi mno. Kuna matembezi ya kulipia, na mwongozaji huonyesha dirisha la nyumba ya Barceló, muuza vitabu wa riwayani, kituo cha tramu ya bluu iliyopanda kuelekea Tibidabo tangu 1901 na kusimamishwa 2018, na jumba ambalo huenda ndilo la ukoo wa Aldaya wa riwayani. Duka la Sempere halipo, halikuwahi kuwepo. La kusikitisha ni yale yaliyokuwepo. Llibreria Canuda, duka la vitabu vya zamani lililokuwa hatua chache kutoka Santa Anna, lenye chumba kikubwa cha chini kilichojaa marundo, lilisemwa na wengi kuwa ndilo lililomtia Zafón wazo la makaburi yake. Lilifungwa 2013 kwa sababu ya kodi ya pango, na pakafunguliwa duka la nguo. Mwaka ule ule Llibreria Catalònia, iliyokuwa imeanza 1924 na kuvuka vita, udhibiti na Franco mwenyewe, ilifunga milango. Ikaingia McDonald's. Mdhibiti wa Franco hakuliweza duka hilo. Soko lililiweza.

Naona hapo ndipo riwaya na jiji vilipoachana. Mabasi ya watalii yaliyoletwa kwa sehemu na Barcelona ya vitabu ya Zafón na ile ya msanifu majengo Gaudí yamepandisha bei za nyumba kiasi kwamba muuza vitabu hawezi tena kupanga chumba mtaani humo. Mwaka 2024 wenyeji waliandamana wakiwarushia wageni maji kwa bastola za kuchezea. Zafón hakuyaona hayo. Alifariki Los Angeles tarehe 19 Juni 2020, akiwa na miaka 55, akiwa amekataa hadi mwisho kuuza haki za filamu ya riwaya zake, jambo la ajabu kwa mtu aliyekula kwa kuandika filamu. Miezi michache baadaye kilitoka kitabu chake cha mwisho cha hadithi fupi, La ciudad de vapor, Jiji la Mvuke, na moja ya hadithi zake inamleta Cervantes Barcelona kukutana na mchapaji wa ukoo wa Sempere.

Kuhusu juzuu nyingine, ushauri wangu ni huu. Zafón mwenyewe alisema zinaweza kusomwa kwa mpangilio wowote. Ya pili, El juego del ángel ya 2008, inarudi miaka ya 1920 na ina kiza kingi zaidi, lakini hofu yake inatoka kwa nguvu za giza kuliko kwa polisi, na bila polisi ukungu unabaki pambo. Ya tatu, yenye Montjuïc na Valls, ni fupi na kali. Ya nne ni ndefu mno, ingawa inafunga hesabu zote. Anayebahatika kufika Barcelona yenyewe aiache Ramblas kwa wengine. Jumapili asubuhi aende soko la Sant Antoni, ambako chini ya mabanda ya kandokando wanauza vitabu vya zamani, katuni na kadi za posta, si mbali na barabara ambayo riwaya imeweka duka la kofia la baba yake Carax. Aamke mapema, kwani kufika alasiri meza zinakuwa zimeshaondolewa, na wauzaji wazuri hawapunguzi bei.